Tafiti mbili zinapotofautiana kuhusu mshahara wa mhasibu: uamini ipi, na je, ununue programu?

Swali:

"Mtaalamu, habari za majukumu. Mimi ni afisa rasilimali watu kwenye kampuni ya usafirishaji na usambazaji hapa Dar es Salaam. Tuko wafanyakazi kama 160: wengi ni madereva wa semi, mafundi wa gereji na watu wa ghala, halafu kuna ofisi ya uhasibu, mauzo na forodha. Mkurugenzi anataka mishahara ipangwe upya kuanzia Januari, na yeye anafikiria kupandisha kila mtu asilimia 8. Nina tafiti mbili za mishahara. Moja tuliinunua, nyingine nilipewa na rafiki anayefanya kazi shirika la kimataifa. Moja inasema mhasibu analipwa 1,450,000, nyingine 2,250,000. Kuna pia orodha inayozunguka kwenye kundi letu la WhatsApp la maafisa utumishi. Wauzaji wa programu ya kupanga mishahara wametuletea bei, kwa dola, kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Wanasema ina data ya soko la Tanzania na itamaliza ubishi. Tuamini namba ipi, na tununue au tubaki na Excel? Na je, wafanyakazi wakitaka kuona madaraja, niwaonyeshe? Naogopa nikikosea watu wataondoka, au nitaitia kampuni hasara."

Jibu:

Ndugu yangu, hofu yako ina msingi. Mishahara ikipangwa kwa namba mbovu unaumia pande zote mbili: dereva mzuri anahamia yadi ya jirani, na wakati huohuo kuna mtu unamlipa zaidi ya alivyotegemea mwenyewe. Swali la programu tuliweke pembeni kwanza. Tuanze na hizo namba mbili za mhasibu, maana inawezekana kabisa hazigombani.

Chukua mhasibu mmoja wa Tanzania Bara. Mshahara wake wa msingi ni 1,500,000, posho ya nyumba 300,000, posho ya usafiri 200,000. Jumla ghafi, yaani kabla ya makato, ni 2,000,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unakata asilimia 10 ya jumla hiyo, yaani 200,000, inabaki 1,800,000 ya kutozwa kodi. Kwa jedwali la TRA lililoanza Julai 2021, anayevuka milioni moja analipa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kile kinachozidi milioni. Kodi yake inakuwa 368,000. Mkononi anapata 1,432,000.

Sasa geukia upande wa mwajiri. Juu ya ile 2,000,000 kuna NSSF nyingine 200,000, kuna SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayomhusu mwajiri mwenye watu 10 na kuendelea, na kuna mchango wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. SDL nimeipigia asilimia 3.5, kiwango kilichoanza Julai 2023, na kwa kuwa tozo hii imekuwa ikipunguzwa mara kwa mara, hakikisha na Sheria ya Fedha ya mwaka unaopangia. Hiyo ni 70,000. WCF kwa asilimia 0.5 ni 10,000. Mhasibu huyu anaigharimu kampuni 2,280,000 kwa mwezi.

Ni mtu yuleyule, kwenye meza ileile. Mtafiti aliyemuuliza "unapata ngapi mkononi" ameandika milioni moja na laki nne na ushee. Aliyemuuliza mkurugenzi wa fedha gharama ya nafasi hiyo ameandika milioni mbili na laki mbili na ushee. Namba zako mbili zimekaa karibu sana na hizi kiasi kwamba ningeshuku hapo kabla ya kushuku kitu kingine. Sisemi lazima iwe hivyo. Nasema kila ripoti ya maana ina ukurasa wa maelezo unaotaja kilichohesabiwa, tarehe ya takwimu na aina ya walioshiriki. Watu wengi wanauruka ukurasa huo na kukimbilia majedwali. Wewe anza nao. Ripoti isiyokuwa nao usiitumie, hata kama ilinunuliwa kwa bei mbaya.

Kwa nini nakukataza kulinganisha kwa fedha ya mkononi? Kwa sababu mkononi ni habari ya mtu, si habari ya kazi. Mhasibu huyo akiwa anarejesha mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 225,000, na mkononi anabaki na 1,207,000. Mwenzake aliyesomeshwa na wazazi, kazi ileile, mkataba uleule, anapata 1,432,000. Na ukiongeza ripoti ya "Afrika Mashariki" inayochanganya Nairobi, mambo yanazidi kuvurugika: Kenya kodi inafika asilimia 35, kuna makato ya bima ya afya, SHIF, asilimia 2.75 na tozo ya nyumba asilimia 1.5. Ukiwa na tawi Unguja, huko mfuko ni ZSSF na viwango vyake ni vingine.

Kwa hiyo chagua kipimo kimoja na ukibandike ukutani: jumla ghafi ya fedha taslimu kwa mwaka. Weka mshahara wa msingi, posho zote za kudumu, na mwezi wa kumi na tatu kama upo kwenye mkataba. Bonasi ya hiari, kamisheni na malipo ya safari yawekwe safu yake pembeni, yasizamishwe humo. Kila namba unayoiokota popote, ibadilishe iwe kwenye kipimo hicho kwanza. Isiyobadilika kwa sababu hujui ilihesabiwaje, iache.

Tukishafika hapo ndipo tunakuta kazi yenyewe: kulinganisha kazi na kazi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo makosa ya gharama kubwa yanapofanyika, na hakuna programu inayoyazuia.

Mhasibu wako pengine anaandaa hati za malipo, anafuatilia wadaiwa, anakagua stakabadhi za fedha ambazo madereva wametumia njiani, na mwisho wa mwezi analinganisha vitabu na taarifa ya benki. Kwenye shirika la rafiki yako, mtu mwenye cheo hichohicho anaweza kuwa na CPA, cheti cha juu cha uhasibu kinachotolewa na bodi ya wahasibu, NBAA, anaongoza watu watatu, anawajibu wakaguzi wa nje na anaandika ripoti za wafadhili. Ukiwaweka mstari mmoja kwa sababu vyeo vinafanana, umempandisha mtu wako madaraja mawili bila kujua. Na kinyume chake hutokea pia, hasa kwenye kampuni za kifamilia ambako mtu anaitwa "msaidizi wa hesabu" kumbe ndiye anayeshika kampuni nzima.

Dereva ndiye mtego mkubwa zaidi kwenu. Tafiti nyingi zinazouzwa hujazwa na mabenki, mashirika na kampuni za ofisini. Dereva wao anaendesha Land Cruiser, anapeleka barua Posta, anampokea mgeni uwanja wa ndege, na jioni analala kwake. Dereva wako anatoka bandarini na kontena, analala Tunduma akisubiri kuvuka kwenda Nakonde, anakaa foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, kwa siku ambazo hakuna anayeweza kukutajia idadi, halafu anarudi na shaba. Mshahara wake wa msingi unaweza kuwa mdogo kuliko wa yule wa ofisini, na mwaka ukiisha bado huyu ndiye aliyepata zaidi, kwa sababu kipato chake kimejificha kwenye fedha za safari. Hapo napo tenganisha: fedha ya kula, kulala na kuegesha njiani ni gharama ya kazi, malipo ya kila safari ni kipato. Yakichanganywa utamwona dereva tajiri kwenye karatasi, na yeye atakuona wewe huijui barabara.

Namna ya kulinganisha ni hii. Funika cheo, soma maelezo mafupi ya kazi ambayo ripoti imeyatoa, kisha jiulize kama asilimia 70 hivi ya hayo ndiyo anayofanya mtu wako, na kama uzito wa madaraka unalingana: anaongoza wangapi, anaidhinisha fedha kiasi gani, akikosea nani anaumia. Ikifika hapo, linganisha. Isipofika, acha wazi. Kuacha wazi ni jibu halali kabisa, ila wengi wanaona aibu, wanajaza tu ili jedwali lipendeze. Kama kazi yako ni nzito kidogo kuliko ya kwenye ripoti unaweza kuongeza asilimia chache na kuandika sababu. Mimi sivuki 15, kwa sababu ukihitaji zaidi ya hapo ujue hiyo ni kazi nyingine.

Usifanye zoezi hili peke yako. Mpe mkuu wa fedha na meneja wa operesheni karatasi zilezile, kila mtu ajaze kivyake, halafu mkae. Mtakapotofautiana ndipo mtakapojifunza kitu kuhusu kampuni yenu. Nimeona meneja wa gereji akigundua katika kikao cha namna hiyo kwamba "fundi umeme" wake wawili wanafanya kazi mbili tofauti kabisa, mmoja wa taa na betri, mwingine wa kompyuta za injini, kwa mshahara mmoja.

Kwa kazi ambazo hazimo kwenye ripoti yoyote, na kwenu zitakuwa nyingi, unazipima ndani kwa ndani. Kuna mfumo wa Paterson, unaotumika sana kusini mwa Afrika, ambao hupanga kazi kutoka A hadi F kwa kuangalia aina ya maamuzi yanayofanywa. Kuna wa Hay, unaopima maarifa, utatuzi wa matatizo na uwajibikaji. Kwa kampuni yenye vyeo visivyozidi arobaini, hata kuzipanga tu kazi kwa uzito, ukizilinganisha mbili mbili, kutoka ya chini hadi ya juu, kunatosha kuanzia. Kisha zile ulizopata namba zake za soko zinakuwa nguzo, na nyingine unaziweka katikati yake.

Sasa walioshiriki. Tuseme ripoti ina kampuni sita. Tano zina mhasibu mmoja mmoja, kila mmoja analipwa 1,200,000. Ya sita ni benki yenye wahasibu 20, kila mmoja 2,000,000. Ukichukua wastani wa makampuni unapata 1,333,000. Ukichukua wastani wa watu unapata 1,840,000. Zote mbili ni sahihi kihesabu, na ripoti inaweza kukupa yoyote kati ya hizo bila kupiga kelele. Kwa kampuni ya ukubwa wenu ningechukua ya makampuni, isipokuwa kwa kazi ambazo kweli mnanyang'anyana watu na yule mkubwa.

Wastani wenyewe usiupende sana. Angalia namba ya katikati, ile ambayo kwenye majedwali huandikwa P50: ukiwapanga wote kwa mstari kuanzia anayelipwa kidogo, ni yule aliyesimama katikati kabisa. P25 ni aliyesimama kwenye robo ya kwanza, P75 kwenye robo ya tatu. Bosi mmoja mwenye mshahara wa ajabu hawezi kuivuta P50, ila wastani anauburuza. Na hapa kuna dhana potofu niliyoizoea: watu hudhani P75 ni ya "kampuni nzuri" na P25 ni ya "kampuni mbaya". Hapana. Nyingi ya tofauti hiyo inatokana na uzoefu, ukubwa wa kampuni na sekta. Soko ni eneo, lina chini na juu, na wewe unachagua usimame wapi kwa kazi ipi. Unaweza kulipa P50 kwa wengi na kuisogelea P75 kwa madereva wa masafa marefu peke yao, kwa sababu wakiondoka hao magari yanalala.

Ripoti ya rafiki yako ina matatizo yake mawili. La kwanza, washiriki wake ni mashirika ya kimataifa, ambao si washindani wako kwa dereva, fundi wala mpakiaji. Kwa mhasibu na mtu wa TEHAMA wanaweza kuwa, maana huko ndiko wanakokimbilia, kwa hiyo isome kama onyo tu. Kama mishahara yake imepangwa kwa dola, angalia ilibadilishwa kwa kiwango cha lini: mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,700 kabla shilingi haijajiimarisha kuelekea mwisho wa mwaka, na mishahara yenu haikucheza ngoma hiyo. La pili ni gumu zaidi kulisema. Ripoti za namna hii kwa kawaida hutolewa kwa washiriki peke yao, kwa masharti ya kutozigawa. Huenda rafiki yako hakuwa na ruhusa ya kukupa. Usiipakie kwenye programu yoyote, usiiweke kwenye wasilisho la bodi, na kama inakufaa kweli, iombeni kampuni ishiriki utafiti huo au iununue.

Orodha ya WhatsApp iache kabisa. Hakuna anayejua nani alijaza nini, namba za mkononi na ghafi zimechanganyika, na aliyejaza alikuwa na sababu zake. Zaidi ya hapo, waajiri wanaoshindania watu walewale wakikaa kuambiana mishahara moja kwa moja, wanasogea mahali ambapo Tume ya Ushindani inaweza kuwauliza maswali chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Ndiyo maana tafiti halali zinaendeshwa na mtu wa tatu. Marekani mwaka 1996 iliweka mwongozo, ulioanzia sekta ya afya, kwamba utafiti uendeshwe na asiye mwajiri, takwimu ziwe na umri wa zaidi ya miezi mitatu, washiriki wasipungue watano, na asiwepo mmoja anayebeba zaidi ya asilimia 25. Mwongozo huo uliondolewa mwaka 2023, lakini kama kipimo cha chini cha kuuliza maswali bado una maana. Halafu orodha yenye nafasi moja kwenye kampuni moja inamtaja mtu hata kama jina lake halimo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kazi Mei 2023, inahusika hapo.

Umri wa takwimu tupite haraka. Kama takwimu za ripoti yako ni za Julai na mishahara yako mipya inaanza Januari ya mwaka wa pili baada yake, kuna miezi 18 katikati. Kama mishahara sokoni inapanda asilimia 5 kwa mwaka, unaongeza asilimia 7.5, na 2,000,000 inakuwa 2,150,000. Kiwango cha kutumia ni kasi ya mishahara kupanda, ambayo ripoti nzuri huitaja. Mfumuko wa bei ni kitu kingine. Ulikuwa karibu asilimia 3 mwaka 2024 na haukuambii waajiri walifanya nini. Takwimu zenye zaidi ya miaka miwili usizisukume mbele kwa hesabu, tafuta nyingine.

Basi turudi kwa wauzaji wa programu. Si matapeli. Programu hizi zina kazi ya kweli: zinahifadhi tafiti nyingi pamoja, zinasogeza umri wa takwimu zote kwa mpigo, zinachora madaraja, zinampa kila meneja bajeti yake ya nyongeza na kumzuia asiivuke, zinafuatilia nani ameidhinisha nini, na mwisho zinatoa barua. Kampuni yenye watu elfu mbili, mameneja sitini na nchi tano haiwezi kufanya hayo kwa Excel bila mtu kulia.

Lakini kazi ya kulinganisha hazikufanyii. Zitakupendekezea kwa kufananisha maneno ya vyeo, yaani zitampeleka dereva wako wa semi kwa dereva wa Land Cruiser kwa kasi kubwa zaidi kuliko ambavyo ungekosea wewe. Na hiyo "data ya soko la Tanzania" ndiyo ya kubana. Waulize: kwa kazi ya fundi magari makubwa, ni waajiri wangapi wa Tanzania wametoa takwimu, za tarehe ipi, msingi au jumla ghafi, na wa sekta gani? Omba wakuonyeshe kazi tatu unazozichagua wewe, si walizoziandaa wao. Baadhi ya bidhaa za aina hii, pale zinapokosa takwimu za nchi, hukadiria kwa kuchukua mishahara ya nchi nyingine na kuizidisha kwa kipimo cha gharama za maisha. Namba inatoka safi, ina mpaka sifuri za mwisho, na haijawahi kulipwa kwa mtu yeyote hapa. Wakikwepa swali la idadi ya waajiri, umeshapata jibu lako.

Uliza pia seva ziko wapi, kwa sababu ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Mwambie mhasibu apige bei kamili: watu 160 mara miezi 12, ada ya kuanzisha, mafunzo, kodi ya zuio na VAT kwa huduma inayolipwa nje, na kuyumba kwa dola. Kisha fungua programu mnayolipia mishahara sasa. Baadhi yake zina sehemu ya kupanga nyongeza ambayo hakuna aliyewahi kuibofya.

Hukumu yangu kwa kampuni yenu: watu 160, nchi moja, tafiti moja au mbili, bakini na Excel mwaka huu. Fedha hiyo nunueni utafiti wa pili wenye kampuni za usafirishaji na viwanda ndani yake. Mtakapofika mahali mameneja zaidi ya kumi wanaingiza nyongeza kwa wakati mmoja, au unakuta faili linaitwa "Mishahara FAINALI ya mwisho kabisa 4" na hujui kama ndilo lililosainiwa, hapo muiteni muuzaji tena.

Excel yenyewe iwe na nidhamu. Weka karatasi nne. Ya kwanza ina kazi zenu, kila moja na namba yake ya utambulisho na maelezo yake. Ya pili ina takwimu za tafiti kama zilivyokuja, bila kuguswa hata moja; atakayetaka kusahihisha aongeze safu mpya. Ya tatu ina malinganisho: kazi yetu hii, kazi ya ripoti ile, imelingana kwa kiasi gani, nani aliamua, tarehe gani, kwa sababu gani. Hii ya tatu ndiyo mali yenyewe. Mwakani ukihama kazi, atakayekurithi ataanzia hapo badala ya kubahatisha upya. Ya nne ina watu, kwa namba ya mfanyakazi bila majina, na faili hilo lisisafiri kwa barua pepe.

Madaraja sasa yanachoreka. Tuseme kwa mhasibu umefika kwenye katikati ya 2,000,000. Daraja likienda asilimia 20 chini na 20 juu, linaanza 1,600,000 na kuishia 2,400,000. Gawanya mshahara wa kila mtu kwa katikati ya daraja lake. Aliye kwenye 0.75 analipwa 1,500,000, yuko chini ya sakafu, naye ndiye wa kwanza kupata fedha. Aliye kwenye 1.3 ana 2,600,000, amepita dari. Huyo usimkate. Mshahara ni sehemu ya mkataba na kuupunguza bila makubaliano ni kutafuta kesi CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi. Unaweza kumsimamisha hapo mpaka daraja limfikie, na kumweleza ana kwa ana kwa nini. Tazama pia kama wapya mliowaajiri mwaka huu wamewapita wenyeji wa miaka sita kwenye kazi ileile. Hilo ndilo linalofukuza watu kimyakimya kuliko jambo lolote la sokoni.

Kuhusu asilimia 8 kwa wote, mwonyeshe mkurugenzi hesabu hii. Wa 800,000 anaongezwa 64,000. Wa 6,000,000 anaongezwa 480,000. Aliye chini ya sakafu anabaki karibu palepale: wa 1,500,000 anafika 1,620,000, ameivuka sakafu ya 1,600,000 kwa 20,000 tu, kwenye daraja ambalo nalo litasogea juu mwakani, na aliyepita dari anazidi kupaa juu yake. Kwa fedha ileile, mngeanza na walio chini ya sakafu, mkaweka kiasi kwa wote, na kilichobaki kikafuata utendaji na mahali mtu alipo kwenye daraja. Kumbuka kila milioni ya nyongeza inakuja na NSSF, SDL na WCF juu yake. Kwa viwango nilivyotumia hapo juu ni 1,140,000. Na kabla ya yote hayo, hakikisha hakuna daraja linaloanzia chini ya kima cha chini cha sekta yenu kwenye amri ya mishahara inayotumika, maana viwango vinatofautiana sekta kwa sekta.

Kuna mahali majibu ya kuandikiana hayatoshi. Kama mna mkataba wa hali bora na chama cha wafanyakazi, usiguse muundo wa mishahara kabla ya kukaa nao na mwanasheria wa kazi. Kama mnataka kuhamisha sehemu ya mshahara wa msingi kwenda kwenye posho, au kubadilisha malipo ya safari za madereva, mtafute mshauri wa kodi kwanza. TRA na NSSF wana macho yao hapo. Ukigundua wanawake na wanaume kwenye kazi moja wanatofautiana bila sababu unayoweza kuiandika, usiifiche kwenye faili, ipeleke kwa mwanasheria na mkurugenzi siku hiyohiyo, kwani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini. Na kama hamjawahi kufanya tathmini ya kazi hata mara moja, kumlipa mshauri aje akae nanyi siku chache gereji, ghalani na ofisini ni fedha iliyokwenda mahali pake. Aje mwenyewe. Anayetaka kupanga madaraja ya gereji bila kuingia gereji, mwache.

Kuhusu kuwaonyesha: mshahara wa mtu usionyeshwe kwa mwingine. Daraja lake mwenyewe, linaanzia wapi na kuishia wapi, na afanye nini ili apande, ningemwonyesha kila mmoja. Anza na mameneja, wafundishe kulieleza kwa dakika tano bila kusoma, kwa sababu dereva hatakuja ofisini kwako kuuliza. Atamuuliza msimamizi wake wa yadi, saa kumi na mbili asubuhi, injini ikiwa imeshawaka.